Viazi, pareto na mbeta: shajara ya kurudia Biolojia ya kidato cha sita, Mafinga

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumeanza na watu tisa. Wote ni watahiniwa wa kujitegemea wanaorudia mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, saba wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na wawili wa CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia). Kila mmoja Biolojia ilimwangusha: wana S au F, na bila prinsipo ya Biolojia, yaani ufaulu wa E kwenda juu, milango ya vyuo wanavyovitaka imefungwa. Mahali ni chumba cha nyuma kwa mama mdogo, Kinyanyambo. Kuna meza mbili, mabenchi ya kuazima, na ubao wa plaiwudi nilioupaka rangi nyeusi juzi.

Leo sikufundisha. Niliwapa karatasi nikawaomba waandike maana ya osmosisi, yaani safari ya maji kupitia utando wa seli, kwa Kiingereza kama wanavyoiandika kwenye mtihani. Wote tisa waliandika, na sita kati yao hawakukosea hata mkato. Kisha nikawauliza swali la jikoni: umekata nyanya na vitunguu vya kachumbari, umetia chumvi, umegeuka kusonga ugali, ukirudi bakuli lina maji. Maji hayo yametoka wapi, na yametokaje?

Wanne waliandika kwamba chumvi imeyeyuka ikawa maji. Watatu walisema ni juisi ya nyanya kwa sababu zimekatwa. Mmoja aliacha wazi. Mmoja tu ndiye aliyetaja osmosisi, naye maji aliyaelekeza kuingia ndani ya nyanya.

Nimekaa na karatasi hizo jioni nzima. Hawa vijana si wavivu. Daftari za baadhi yao ni nene kuliko zangu za chuo. Wamebeba maneno miaka miwili bila mtu kuwaonyesha kitu chenyewe kinavyokwenda. Ratiba niliyoiandika, mada kumi na mbili kila moja kwa wiki zake, nimeichana. Tutachukua dhana chache ambazo mada zote zinazirudia, tuzirudie mpaka ziingie, na tutaanza na utando wa seli.

12 Oktoba

Viazi. Mafinga huwezi kukosa viazi, na sadolini moja inatosha mwezi mzima wa majaribio.

Tulikata vijiti vya milimita 50, tukapima kwa rula, vitatu tukavitia kwenye maji matupu na vitatu kwenye maji yenye vijiko viwili vya chumvi. Baada ya saa moja na nusu vya maji matupu vilikuwa na milimita 52 hadi 53 na ukikipinda kimoja kinakatika kach! Vya chumvi vilishuka hadi 46 na vinajikunja kidoleni kama mpira wa manati. Kijana mmoja, fundi baiskeli, alikizungusha kile kijiti kwenye kidole chake mara tatu bila kusema neno.

Nilichogundua ni kwamba walidhani maji huenda upande mmoja tu. Kumbe molekuli za maji hupita utando pande zote mbili wakati wote. Tofauti ni idadi. Kwenye maji ya chumvi, ioni za sodiamu na kloridi zimezungukwa na maji, yaani sehemu ya maji imeshikwa haiko huru. Ndani ya kiazi maji yaliyo huru ni mengi zaidi. Kwa hiyo yanayotoka ni mengi kuliko yanayoingia, na kiazi kinasinyaa. Hakuna anayeyavuta. Nimewaomba neno "kuvuta" tuliweke kando kwa muda, maana linaficha kila kitu.

Tumekubaliana neno letu la kazi: mteremko. Kila mtu hapa ameshapita mlima wa Kitonga. Lori likishuka halihitaji mafuta ya kulisukuma, linahitaji breki tu. Likipanda, dereva anaingiza gia nzito na moshi unatanda. Kitu kikipita utando kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache, hiyo ni Kitonga ya kushuka. Kikipitishwa kinyume, seli lazima ilipe ATP, sarafu yake ya nishati.

Utaratibu wa kuandika: kila mmoja anamweleza jirani yake kwa Kiswahili mpaka jirani aseme ameelewa, halafu anafunika daftari na kuandika mistari mitano kwa Kiingereza. Mtihani ni wa Kiingereza na sina uwezo wa kuubadili. Lakini sentensi zao za leo, hata zenye makosa ya sarufi, zilikuwa zao.

19 Oktoba

Msiba mtaani. Hatukukutana.

26 Oktoba

Nimepata darubini ya kuazima, kioo chake cha chini kina ufa. Shule moja ya jirani ilikuwa imekubali tutumie maabara yake siku za Jumamosi, ikaghairi jana usiku kwa ujumbe wa simu. Iliniuma, kwa kuwa vijana walishajiandaa. Basi tulitoa meza nje, tukautafuta mwanga wa jua.

Kitunguu chekundu. Unamenya ile ngozi nyembamba ya zambarau, unailaza kwenye tone la maji, unaifunika. Seli zilijipanga kama matofali, kila tofali limejaa zambarau mpaka kwenye kona. Kisha nikadondosha maji ya chumvi pembeni na kuyanyonya upande wa pili kwa kipande cha karatasi ya chooni. Binti aliyekuwa jichoni alinyamaza, kisha akasema taratibu: "Madamu, zinaachia ukuta." Ile zambarau ilikuwa inajikusanya katikati ya seli, inaacha nafasi tupu kwenye kona, na ukuta wenyewe umebaki palepale. Kila mmoja alipanga foleni. Tulipozirudishia seli maji matupu, nyingi zilijaa tena.

Hapo ukuta wa seli na utando wa seli vikawa vitu viwili. Mwanzoni karibu wote walikuwa wakivitaja kama kitu kimoja chenye majina mawili.

9 Novemba

Neva. Mada hii wanaiogopa kuliko zote, nami nimeifikiria wiki mbili niiingilie wapi. Jibu lilikuwa shambani kwa bibi wa mmoja wao: pareto.

Maua yale meupe yenye kitovu cha njano yanalimwa nyanda hizi miaka mingi, na Mafinga penyewe kuna kiwanda cha kuyachakata. Kila mtu anajua yanaua wadudu. Hakuna aliyejua yanauaje. Tulitwanga maua makavu, tukanyunyiza kwenye chupa pana yenye mende wawili. Baada ya muda mmoja alianza kuyumba, kisha akalala chali, miguu inatetemeka bila kupumzika. Wengine walicheka. Niliwaomba watazame miguu tu. Je, huyu amelegea, au misuli yake inaamriwa kupita kiasi?

Tukarudi kwenye utando. Seli ya neva iliyotulia ina tofauti ya umeme ya takriban milivolti 70, ndani hasi. Pampu yake inatoa ioni 3 za sodiamu nje na kuingiza 2 za potasiamu, na kwa kila mzunguko inalipa ATP moja. Hiyo ni lori linalopanda Kitonga. Sodiamu inarundikana nje ikisubiri. Ujumbe ukifika, malango ya sodiamu yanafunguka, sodiamu inaporomoka kuingia, ndani panageuka chanya. Malango hayo yanajifunga haraka, ya potasiamu yanafunguka, potasiamu inatoka, na hali inarudi kama mwanzo. Yote hayo huchukua milisekunde chache.

Sasa pareto. Viini vyake, pairethrini, hushika malango ya sodiamu yasifunge vizuri. Neva inapiga kelele ileile tena na tena. Ndiyo maana miguu inatetemeka.

Dada mmoja, ambaye huja na mtoto wake mgongoni, aliuliza kama pampu ndiyo inayotuma ujumbe. Swali zuri mno, na kosa hilo liko kwenye karatasi nyingi nilizowahi kusahihisha. Pampu haitumi ujumbe. Pampu inapandisha mizigo juu ya mlima, ujumbe ni mizigo inaposhuka. Hata ukiizima pampu sasa hivi, neva itaweza kutuma ujumbe mara nyingi kabla mteremko haujaisha. Nilimwambia aandike hilo kwa herufi kubwa.

23 Novemba

Usanisinuru, na jaribio limetushinda. Tulitaka kuonyesha wanga kwenye jani la maharage kwa iodini ya duka la dawa. Spiriti haikupata moto wa kutosha ndani ya maji ya sufuria, jani likabaki kijani, na iodini juu ya kijani haionyeshi kitu. Tutarudia, na maji yachemke kwanza. Spiriti hatuiweki juu ya moto wenyewe kamwe.

Ila tumeng'oa jambo moja lililoota mizizi: kwamba mimea hupumua usiku tu. Seli za jani hupumua mchana na usiku. Mchana usanisinuru unazidi, kwa hiyo oksijeni ndiyo tunayoiona ikitoka.

7 Desemba

Mvua zimeanza na watu wanapanda mahindi. Tumebaki saba. Mmoja kahamia kwa kaka yake Makambako, mwingine kapata kibarua cha mbao Sao Hill na siwezi kumlaumu. Tunapumzika hadi Januari. Kazi ya likizo: kila mmoja alete kitu kimoja cha nyumbani kwao ambacho anadhani kina biolojia ndani yake.

11 Januari

Kazi ya likizo imelipa. Fundi baiskeli kaleta ulanzi, kinywaji cha utomvu wa mianzi.

Nilikwenda naye asubuhi kwa mgemaji, bibi mmoja upande wa bondeni. "Kamwene, bibi." Akatuonyesha mianzi michanga iliyokatwa ncha, na chini ya kila ncha imefungwa mbeta, chombo cha mwanzi cha kukinga utomvu. Ncha inakatwa upya asubuhi na jioni ili iendelee kudondosha. Ule wa asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto hupewa. Ukikaa unakuwa mkangafu, pombe kamili, na huo una wenyewe. Darasani hatukuuonja. Tuliutia mtogwa kwenye chupa ya maji, tukafunga puto mdomoni. Kufikia saa nane mchana puto lilikuwa limesimama. Hewa yake tukaipitisha kwenye maji ya chokaa, yakawa meupe kama maziwa yaliyochanganywa maji: ni kabonidayoksaidi.

Hamira ya asili ndiyo inayofanya kazi hiyo. Niliwauliza: kwa nini hamira inatengeneza pombe? Wote: "Ili ipate nishati." Hapana. Nishati imeshapatikana kabla ya pombe, kwenye glaikolisisi, hatua ya kwanza ya kuvunja glukosi, ATP 2 tu kwa kila glukosi. Pombe inakuja kwa sababu nyingine, na hapa ndipo nilikwama na chaki mkononi mpaka jicho langu likatua kwenye mbeta aliyotupa bibi.

NAD ni mbeta. Kazi yake ni kukinga elektroni zinazotoka kwenye glukosi. Seli ina mbeta chache. Zikijaa zote na hakuna wa kuzimwaga, mwanzi utadondosha chini na kazi itasimama. Penye oksijeni mbeta humwagwa mitokondria, viwanda vya nishati ndani ya seli. Pasipo oksijeni hamira huzimwaga kwenye asetaldehaidi, nayo inageuka ethanoli. Mbeta zinarudi tupu, glaikolisisi inaendelea. Misuli yako ukikimbiza baiskeli kupanda mlima humwaga kwenye pairuveti, kinachobaki glukosi ikivunjwa, ikapatikana asidi ya laktiki.

"Kwa hiyo pombe ni mahali pa kumwagia," alisema fundi baiskeli. Ndiyo. Na mtu aliyelielewa hilo hawezi tena kusahau kwa nini NAD inatajwa kwenye mada ile.

25 Januari

Leo tumemalizia mbeta zinapomwagwa mitokondria, na nimefurahi jinsi mambo ya Oktoba yalivyorudi yenyewe.

Elektroni zikipita kwenye protini za utando wa ndani wa mitokondria, protoni husukumwa kwenda upande mmoja. Zinarundikana. Njia kuu ya kurudi ni kupitia kimeng'enya kinachozunguka kweli kama tabo la maji, lile gurudumu la kuzalisha umeme, na kuzunguka kwake ndiko kunakounda ATP. Peter Mitchell wa Uingereza alilitoa wazo hili mwaka 1961, wengi wakalikataa, na mwaka 1978 akapewa Nobel ya Kemia kwa hilo.

Sisi tuna bwawa la umeme la Kihansi. Maji yanaachiwa kutoka juu, yanashuka zaidi ya mita 800, yanazungusha mitambo inayoweza kutoa megawati 180. Hakuna anayechoma maji. Kinachotumika ni tofauti ya juu na chini. Ndivyo ilivyo mitokondria, na ndivyo ilivyo kloroplasti, sehemu ya kijani ya seli za jani, ila huko wa kupandisha protoni ni mwanga.

Idadi ya ATP imewasumbua: vitabu vya zamani huandika 36 au 38 kwa glukosi moja, vya sasa 30 hadi 32. Nimewaeleza kwamba sababu mojawapo ni protoni zinazotumika njiani kusafirisha vitu, na kwamba kwenye mtihani waandike hesabu pamoja na njia yake.

Kisha: bwawa likitoboka je? Maji yatashuka, umeme hakuna. Protoni zikipenya bila kupita kwenye tabo, nishati inageuka joto. Nikamwelekea dada mwenye mtoto. Watoto wachanga wana mafuta ya kahawia, hasa kati ya mabega na shingoni, ambayo mitokondria zake zina protini ya kupenyeza protoni makusudi. Ndivyo mwanao anavyojipasha moto bila kutetemeka. Aliupeleka mkono nyuma akaushika mgongo wa mtoto, akauacha hapo mpaka kipindi kikaisha.

15 Februari

Urithi. Nilianza na mbaazi za Mendel, kazi aliyoichapisha mwaka 1866, uwiano wa 3 kwa 1. Wanaujua. Wanachora mraba wa Punnett, lile jedwali la kupanga jeni za wazazi, hata usingizini. Nikaenda haraka kwenye selimundu.

Herufi moja ya DNA kwenye jeni la himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu: GAG imekuwa GTG. Asidi amino ya sita kati ya 146 za mnyororo wa beta inabadilika kutoka glutamiki kuwa valini. Valini inakwepa maji, hivyo himoglobini zisizo na oksijeni zinashikana kuwa nyuzi ndefu, na seli nyekundu inapinda kama mundu. Wazazi wote wakiwa AS (jeni moja la kawaida, moja la selimundu), kila mimba ina nafasi ya robo kuwa SS, yaani mgonjwa.

Binti wa darubini aliinua mkono, sauti chini. "Madamu, kwetu tuko wanne. Wagonjwa wawili. Robo imekuwaje nusu?"

Chumba kilitulia. Nilimshukuru kwa kuuliza. Amekuwa akiandika "robo" miaka minne na kila akirudi nyumbani haioni.

Tuliacha ubao. Vikombe viwili, baba na mama, kila kimoja kina punje ya harage jekundu na punje nyeupe. Unafumba macho, unatoa moja hapa na moja pale, unaandika, unarudisha. Mara nne ni familia moja. Nyekundu mbili ni SS. Tulitengeneza familia 20. Familia 7 hazikuwa na mgonjwa hata mmoja. Familia 8 mmoja mmoja. Familia 4 wawili wawili. Familia 1 watatu. Jumla wagonjwa 19 kati ya watoto 80.

Vikombe havikumbuki nani alizaliwa kwanza. Robo ni ya kila mtoto upya, si zamu inayogawiwa. Binti alihesabu zile familia 4 kwa kidole, mara mbili. Akasema mama yake amekuwa akiambiwa na watu kwamba yeye ndiye aliyeleta kitu. Tukarudi tena kwenye vikombe: S moja kwa baba, S moja kwa mama, na hakuna kati yao aliyechagua.

Kuhusu kwa nini jeni hilo halijapotea: mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba wenye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Kule bondeni Kilombero, palipo na mbu, hilo lina uzito kuliko huku kwenye baridi. Uteuzi wa asili tumeuingilia kwa mlango huo, na sikuona haja ya kuanza na twiga wa vitabuni na shingo yake.

8 Machi

Mvua kubwa, wamekuja watano. Ikolojia, na Kihansi imerudi mara ya pili.

Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, mdogo wa kutosha kukaa juu ya sarafu, hazai mayai bali vitoto vilivyokamilika. Makao yake yote duniani yalikuwa hekta chache kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto unaoshuka kutoka nyanda zetu. Bwawa lilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakaisha. Vyura 499 walipelekwa Marekani wakazalishwe. Porini viliwekwa vinyunyizio, idadi ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka, na kuvu aina ya kitridi alikutwa kwa vyura hao. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 wa kwanza 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa bondeni kwao.

Hapa palikuwa na kila kitu cha mada: makazi finyu, kipengele kimoja kinachobana maisha yote, idadi ndogo, ugonjwa. Ubishi ulichukua saa nzima: umeme au chura. Sikuuzima. Niliwataka tu kila anayesema ataje kinachosababisha kipi, na anayetaja hasira pekee akae kwanza. Mwanafunzi wa CBG alisema jambo ambalo sikuwa nimeliwaza, kwamba hata maji ya vinyunyizio hayakuwa manyunyu yaleyale, kwa kuwa maporomoko hubeba pia udongo na baridi yake. Nikamwomba aliandike.

5 Aprili

Mtihani wa majaribio, kwa muda wa saa tatu kamili. Saba wote wamefanya. Swali la mwisho lilikuwa la kachumbari, sasa kwa Kiingereza. Sita wamepata mwelekeo na sababu. Wa saba ameandika "inavuta", na chini yake amelikata mwenyewe, akaanza upya, muda ukamwishia. Uandishi wa Kiingereza bado unawaponza wawili, hasa maswali ya insha. Nao nitakutana Jumatano na Ijumaa jioni.

Jani la maharage limekubali safari hii. Bluu nyeusi, isipokuwa pale tulipofunika kwa karatasi ya bati.

12 Aprili

Figo mbili za mbuzi kutoka buchani, shilingi elfu tatu, mafuta yamebaki juu yake. Nilikuwa nimeandaa mchoro wa nefroni, kichujio kidogo cha figo, ubaoni: kuchuja, kurudisha glukosi, kitanzi cha Henle, kila sehemu na rangi yake. Kabla sijaanza, dada mwenye mtoto aliivuta sahani karibu, akaiangalia figo kwa muda, akauliza, "Madamu, mteremko wa hii uko wapi?"

Nikaiweka chaki chini, nikampa kisu akate mwenyewe.